Sura Isiyokukodolea Macho

Katika ofisi za Tanzania na Kenya, sura iliyotundikwa ukutani ina kazi inayojulikana. Juu ya kiti cha mkurugenzi ipo picha ya Rais. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi utaikuta hiyo hiyo, kati ya leseni ya biashara na kalenda ya benki. Kampuni kongwe huongeza picha ya mwanzilishi. Nyumbani, sebule hubeba babu aliyetangulia mbele ya haki, maharusi, na kijana aliyevaa joho siku ya mahafali. Sura hizi zote zina wajibu: zinaeleza nani ana mamlaka, nani alitutangulia, nani ametuheshimisha. Hakuna hata moja iliyowekwa pale ili anayeitazama apumue.

Kwa hiyo anayesema anataka picha ya sura, ya kidhahania, ya kutuliza chumba, anaiomba sura ifanye kazi ambayo kuta zetu hazijaizoea. Anataka mtu awepo ukutani, lakini asimdai heshima wala kumbukumbu. Muuzaji humjibu kwa rangi: chukua hii ya bluu, au hii ya mchanga, inaendana na makochi yako. Rangi ina nafasi yake na nitaifikia, ila katika picha ya sura haiji kwanza. Linalokuja kwanza ni jicho.

Binadamu huzaliwa akiwa tayari kuitafuta sura. Watafiti waliowaonyesha watoto wachanga vibao vilivyochorwa, muda mfupi tu baada ya kuzaliwa, waliona kwamba watoto hao hukifuata zaidi kibao chenye mpangilio wa uso kuliko kile ambacho macho, pua na mdomo vimevurugwa. Mwaka 1997 Nancy Kanwisher na wenzake nchini Marekani walieleza eneo dogo upande wa chini wa ubongo linaloitikia nyuso kuliko linavyoitikia nyumba au vyombo. Ndiyo maana tunaona nyuso mawinguni, kwenye taa za mbele za gari, kwenye doa la unyevu darini. Mchoraji hahitaji kuuchora uso mzima ili tuuone. Alama tatu zinamtosha.

Na jicho likishaonekana, linafanya kazi hata likiwa la karatasi. Mwaka 2006 Melissa Bateson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha jaribio walilolifanya katika chumba cha chai cha idara yao, ambako kila mtu hutia pesa kwenye kisanduku bila kusimamiwa. Kwenye tangazo la bei waliweka picha ya maua wiki moja na picha ya macho yanayotazama wiki iliyofuata, wakaendelea kupokezana hivyo kwa wiki 10. Wiki za macho watu walilipa karibu mara tatu ya wiki za maua. Tafiti zilizofuata zimebishana kuhusu ukubwa wa athari hiyo, hasa inapohusu ukarimu, lakini hisia yenyewe kila mfanyakazi anaijua: macho ya ukutani yanasimamia. Kwa kisanduku cha chai hilo ni jema. Kwa mhasibu anayefunga hesabu za mwezi, mkabala na uso wa mita nzima unaomtazama tangu asubuhi, ni mzigo.

Angalia sasa picha zinazouzwa kwa wingi kwa jina hilo la sura za kidhahania: mwanamke mwenye kilemba kirefu na shingo ndefu, nusu ya uso imemwagiwa michirizi ya dhahabu. Kila kitu kimelegezwa isipokuwa macho. Hayo yamechorwa kwa ukali wa fotografia, kope moja moja, nuru ndani ya mboni, yakikufuata popote utakapokaa. Picha hizo zina fahari yake, na kwa mapokezi ya saluni au duka la mitindo zinafaa kabisa. Zinatangaza. Chumba cha kupumzikia hakitaki kutangaziwa.

Wasanii wa karne ya 20 walilishughulikia jambo hili kwa makini, na njia zao bado zinaweza kumwongoza mnunuzi. Constantin Brancusi, Mromania aliyefanya kazi Paris, mwaka 1910 alikilaza kichwa cha mwanamke ubavu, akakilainisha hadi kikakaribia umbo la yai, macho yamefumbwa, nyusi na pua vimebaki mkunjo mmoja. Amedeo Modigliani, aliyekuwa karibu naye na aliyechonga vichwa huku vinyago vya Afrika Magharibi vikiwa akilini mwake, katika picha zake nyingi za rangi aliyaacha macho bila mboni, yamejazwa kijivu au samawati tu. Mtu yupo, ana shingo yake na huzuni yake, lakini hakutazami. Alexej von Jawlensky, Mrusi aliyeishi Ujerumani, alikwenda mbali zaidi. Baridi yabisi ilipomkaza viungo, na utawala wa Kinazi ukiwa umemzuia kuonyesha kazi zake, alichora kati ya 1934 na 1937 mamia ya nyuso ndogo alizoziita tafakuri. Kila uso ni mistari michache minene: wa wima kwa pua, wa mlalo kwa macho yaliyofumbwa, mwingine kwa mdomo. Kwa mbali unaona msalaba. Ukisogea unaona mtu anayesali.

Kwangu mimi, mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Henri Matisse. Mwaka 1908 aliandika kwamba anaitamani sanaa yenye mizani na utulivu, itakayompumzisha mtu aliyechoshwa na kazi ya akili. Miaka 43 baadaye, akiwa mzee na mgonjwa, alikamilisha kanisa dogo la masista wa Kidominiko mjini Vence, kusini mwa Ufaransa. Juu ya vigae vyeupe alimchora Mtakatifu Dominiko kwa mstari mweusi, mrefu kuliko mtu yeyote, na uso wake ni duara lililorefuka, tupu. Hakuna jicho, hakuna mdomo. Mwanga wa vioo vya kijani, bluu na njano hupita juu yake kadiri jua linavyosogea. Anayekaa pale ana mtu mbele yake, na mtu huyo hamchunguzi. Sijui jibu bora zaidi kwa swali la mnunuzi wetu.

Lakini si kila uso ulioachana na uhalisia unatuliza. Kuna kuupunguza uso na kuna kuuvunja, na wanunuzi wengi huyachanganya mambo haya mawili. Pablo Picasso alitoka kwenye jumba la makumbusho la Trocadéro mjini Paris mwaka 1907, baada ya kuona vinyago vya Afrika, akiwa na nyuso za pembe na makali kichwani. Na mwaka 1937, mwaka ambao mji wa Guernica nchini Hispania ulipigwa mabomu, akamchora mwanamke anayelia ambaye uso wake umekatikakatika. Francis Bacon mwaka 1953 alimchora Papa Innocent X akipiga ukelele. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, hujenga nyuso za wanawake kwa vipande vya majarida ya mitindo na michoro ya vitabu vya tiba, na majeraha huachwa yaonekane kwa makusudi. Hizi ni kazi kubwa. Ziliumbwa zituamshe, na kumtundikia mojawapo mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo ni kumkosea yeye na kumkosea msanii pia.

Wamakonde wametuwekea tofauti hiyo hiyo kwenye mpingo. Vinyago vya shetani, vilivyopata jina tangu Samaki Likankoa alipoanza kuvichonga miaka ya 1950, huupotosha mwili: jicho moja, sikio limehama, mdomo wazi. Mtindo wa mawingu huuyeyusha: mama na mtoto wanabaki mkunjo na tundu, na pale ulipotarajia uso pana mteremko laini tu. Nyenzo ni ile ile, ufundi ni ule ule, na chumba kinageuka kabisa kulingana na kipi umekiweka juu ya kabati. Anayetafuta utulivu, na aliyefikiri lazima anunue picha ya kuchorwa, afikirie pia kipande kimoja cha mawingu mbele ya ukuta mweupe.

Upo ushahidi unaotupinga sisi wapenzi wa sanaa ya kidhahania, na haufai kufichwa. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa majalada ya hospitali moja ya Pennsylvania. Wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo waligawanyika nusu kwa nusu: madirisha ya hawa yalitazama miti, ya wale yalitazama ukuta wa matofali. Wa miti waliruhusiwa mapema kidogo, wastani wa siku zisizofika 8 dhidi ya karibu 9, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Baadaye yeye na wenzake walikwenda Uppsala, Sweden, wakawawekea picha wagonjwa waliotoka kwenye upasuaji wa moyo: wengine maji na miti, wengine picha za kidhahania, wengine ubao mtupu, wengine hawakuwekewa kitu. Matokeo ya 1993 yalikuwa wazi. Maji na miti yalipunguza wasiwasi. Picha ya kidhahania yenye mistari iliyonyooka na pembe kali iliwatia wasiwasi kuliko kutokuwa na picha kabisa.

Nayachukulia matokeo hayo kwa uzito, na nadhani sababu yake inaeleweka. Mgonjwa amelala, ana hofu, hawezi kuondoka. Picha isiyojieleza humwachia yeye kazi ya kuieleza, na mwenye hofu huieleza kwa hofu yake. Kwa hiyo katika wodi, kliniki na chumba cha ushauri nasaha, mandhari ya maji na miti yatangulie. Sura ya kidhahania ikiingia humo, itambulike mara moja kuwa ni mtu, mistari yake iwe ya mikunjo, na macho yawe yamefumbwa. Ofisini na nyumbani hali ni nyingine: mtu ana afya, anaweza kuinuka na kwenda zake, na ana miezi ya kuizoea picha. Picha yenye kitendawili kidogo humchosha wa wodini. Wa nyumbani humpa mahali pa kupumzisha macho asubuhi baada ya asubuhi.

Arnold Wilkins wa Chuo Kikuu cha Essex ameonyesha hatari nyingine, ambayo haina uhusiano na maana ya picha. Mistari sambamba iliyobanana kwa kiwango fulani, takriban jozi tatu za mweusi na mweupe kwa kila nyuzi moja ya pembe ya kuona, hulikera jicho, huchokoza kipandauso, na kwa wachache hata kifafa. Mwaka 2008 yeye na Dominique Fernandez walionyesha kuwa michoro ambayo watu huiona inakera huwa na nguvu nyingi katika kiwango hicho hicho. Kwa hesabu ya chumbani, ukikaa mita 3 kutoka ukutani, jozi moja ya mistari ina upana usiofika sentimeta 2. Sura nyingi za kisasa hujazwa mistari ya namna hiyo kuanzia paji la uso hadi shingoni. Simama pale kiti kitakapokuwa, utazame kwa dakika mbili. Mistari ikianza kucheza, iache dukani.

Kwa sababu hiyo pia sipeleki picha za Tingatinga za siku hizi chumbani kwa kulala, ingawa nazipenda. Zimejaa nukta na maumbo ukingo hadi ukingo, na rangi ya mafuta inayong'aa hurudisha kila taa machoni. Furaha yake haikubali kulala. Kazi za Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki 1972, zilikuwa tofauti: mnyama mmoja, mandharinyuma ya rangi moja, nafasi tupu ya kutosha. Utulivu ule umeachwa na wengi waliomfuata, na ni hasara.

Sasa rangi. Wanaosema bluu hutuliza na nyekundu husisimua wanasema sehemu ya ukweli. Mwaka 1994 watafiti Valdez na Mehrabian walionyesha kuwa mwangaza wa rangi, na jinsi ilivyokolea au kufifia, vina uzito kuliko jina lake. Nyekundu ya udongo iliyofifia itakupumzisha kuliko bluu kali. Ahadi kubwa zaidi ya hapo ziogopwe. Mwaka 1979 mahabusu ya jeshi la majini mjini Seattle ilipakwa waridi kwa ushauri wa mtafiti Alexander Schauss aliyeamini rangi hiyo hupoza hasira. Magereza mengine yakaiga, na majaribio makini ya baadaye, pamoja na moja lililofanywa katika gereza la Uswisi, hayakuona tofauti. Na ukimya wa rangi hauleti wepesi wa moyo daima. Mark Rothko hakuchora uso wowote katika picha 14 zinazozunguka kanisa lenye jina lake mjini Houston, lililofunguliwa mwaka 1971. Ni weusi na zambarau iliyozama, na wapo wageni wanaoketi mbele yake wakalia. Sebule ya familia haihitaji kubeba uzito huo kila jioni.

Pwani yetu ina hoja yake, ambayo vitabu vya mapambo vya Ulaya haviijui. Katika nyumba nyingi za Waislamu wa Lamu, Mombasa na Unguja, sura ya kiumbe haitundikwi kabisa, hasa mahali pa kuswali. Wapo wanazuoni wanaoona sura isiyo na macho wala mdomo haiingii katika katazo, na wapo wasiokubali. Mwenye nyumba atamfuata anayemwamini. Lakini ikumbukwe kwamba pwani ilishakuwa na ukuta unaotuliza kabla ya mjadala huu. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, chumba cha ndani kilipambwa kwa zidaka, vishubaka vya plasta ya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, kila kimoja na kivuli chake, na vyombo vya kaure vikiwekwa humo. Weupe juu ya weupe, mpangilio unaojirudia bila kubanana, mwanga ukiingia kwa pembeni. Asiyetaka sura anaweza kujifunza humo, kwa mkeka wa ukindu ulioshonewa fremu au maandishi ya kaligrafia yenye nafasi tupu ya kutosha kuyazunguka. Anayetaka mtu awepo bila uso ana njia ambayo wachoraji wa Mji Mkongwe wanaijua vizuri, ya kumchora mwanamke wa buibui kwa mgongo. Njia hiyo imechoshwa na biashara ya watalii, lakini wazo lenyewe ni jema, na mikononi mwa mchoraji makini linazaa picha nzuri hadi leo.

Mahali pa kutundika huamua nusu ya matokeo. Makumbusho mengi huweka kitovu cha picha kati ya sentimeta 145 na 152 kutoka sakafuni, kwa sababu wageni wamesimama. Sebuleni na chumba cha mikutano watu wameketi, na jicho la aliyeketi liko karibu na sentimeta 120. Kitovu kishuke hadi 125 au 130. Kwetu picha hutundikwa juu mno, karibu na dari, kwa mazoea yaliyotokana na picha ya Rais, na sura iliyo juu yako hukutawala hata ikiwa imefumba macho. Juu ya kochi, acha sentimeta 15 hadi 25 tu. Ofisini, picha iliyo nyuma ya kiti chako wanaishi nayo wageni wako. Ile iliyo mbele yako unaishi nayo wewe. Sura yenye macho wazi, kama unaipenda na huwezi kuiacha, iwe ya kwanza. Iliyofumba macho iwe ya pili.

Taa yenye mwanga wa njano, kati ya kelvini 2700 na 3000, huitendea haki rangi ya ngozi na ya udongo. Mwanga mweupe wa ofisi huifanya kila sura ionekane mgonjwa. Usiweke picha ya karatasi mbele ya dirisha la jua: makumbusho huipa lux 50 tu kwa kuogopa kufifia. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa unyevu hulegeza kanvasi na kuotesha ukungu nyuma yake, kwa hiyo mwambie fundi fremu abandike vipande vidogo vya kizibo au mpira kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite kati ya picha na ukuta. Na picha iliyofunikwa kioo, ikiwa mkabala na dirisha, itakuonyesha dirisha badala ya sura.

Picha yenyewe si lazima itoke kwenye katalogi. Nafasi Art Space pale Mikocheni, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2008, ina wasanii wanaofanya kazi mbele ya macho yako. Nairobi ina Circle Art Gallery, na nje kidogo ya jiji kuna Banana Hill Art Gallery. Faida ya kukutana na mchoraji ni kwamba anaombeka. Mwambie afumbe macho ya sura ile, au aigeuze upande, au aiache mboni bila nuru. Hayo ni mambo ya brashi mbili tatu kabla rangi haijakauka, na yanabadilisha kabisa maisha utakayoishi na picha hiyo.

Linabaki swali la nani achague, na ofisini hujibiwa vibaya. Meneja huleta picha, fundi huja na drili, wafanyakazi huzikuta Jumatatu. Mwaka 2010 Craig Knight na Alexander Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter walichapisha majaribio waliyowaweka watu katika ofisi za aina tofauti. Waliofanya kazi katika chumba chenye picha na mimea walifanya vizuri kuliko wa chumba kitupu, na waliozipanga wenyewe walifanya vizuri kuliko wote. Mtafiti alipokuja kuzipangua upya bila ridhaa yao, faida ikapotea. Basi anayenunulia ofisi sura za kutuliza alete tano au sita, aziegemeze ukutani kwa wiki moja, na anayekaa mkabala na kila ukuta awe na kauli ya mwisho juu ya kitakachobaki hapo. Isiyopata mwenyewe ipelekwe koridoni, ambako hakuna anayekaa.